Mkebe wa Sita

Burnley, Novemba. Nilikuwa nang'oa ubao wa fyuzi
katika jumba la bingo lililofungwa, ambalo kabla ya bingo
lilikuwa ghala la mazulia, na kabla ya mazulia, sinema.
Nyuma ya ubao palikuwa na tundu ukutani,
na ndani ya tundu mikebe mitano
imebebana kama sufuria dukani.

Imtiaz akanusa. "Soksi," akasema.
Mimi niliona ni dengu zilizolala.
Kwenye vifuniko, kwa penseli: moja, mbili, tatu, nne, tano.
Na kwenye kile cha kwanza, pembeni: *sehemu sita.*

Tulitafuta mpaka saa kumi, giza likatukuta. Wapi.

Akaja bibie wa Manchester na glavu za bluu,
akatuonya tusiwashe hata kiberiti:
kanda za zama hizo hujiwakia zenyewe,
na ukizitumbukiza majini zinaendelea kuwaka.
Nikakumbuka nilivyozishusha ngazi zote zile
nimezikumbatia, kama mtoto aliyelala.

Februari picha ikarudi, imeoshwa, ikaonyeshwa mle mle.
Watu thelathini na makoti yao. Hita mbili.
Hakuna kinanda. Hakuna wa kusema paukwa
wala wa kujibu pakawa.
Mwanga tu, na vumbi ndani ya mwanga.

Ngano yenyewe unaijua, hata kama huijui:

    Nduguze waligeuzwa
    angani wakafukuzwa
    na dada akaulizwa
    kama atawaokoa:

    miaka sita kimya tu
    asinong'one na mtu
    kwa upupu wa msitu
    kanzu sita kuzitoa.

Msitu wenyewe ni bustani ya manispaa; benchi linaonekana.
Ndugu sita ni vijana wa kiwandani, mabawa ya karatasi,
mmoja anacheka, anafinywa, anaacha.
Mfalme amevaa pazia.
Lakini msichana, juu ya jiwe, anashona
na vidole vimevimba kweli.
Pale kanda ilipooza, doa linampanda usoni
kama maziwa yanayochemka,
linashuka, naye bado yupo, anashona.

Nyuma yangu Bi Hilda Entwistle akaguna.
Ana miaka themanini na tisa. Ishirini na miwili kati ya hiyo
alisimama baina ya mashine za kufuma,
mahali ambapo ukipiga kelele hata mwenyewe hujisikii,
wakajifunza wote kusomana midomo:
umbeya, mapenzi, bei ya samaki.

"Huyo hajanyamaza," alisema. "Anaongea tangu mwanzo."

Imtiaz akarudisha nyuma. Bi Hilda akasogeza kiti
akaanza kumsemea, kwa sauti kavu,
sauti ya mtu anayesoma bili ya gesi:

"Harold, harakisha. Vidole vimeganda.
Ulisema majani haya hayawashi.
Saa nane naingia zamu. Harold.
Mama ataniua nikichelewa tena.
Usicheke, wewe. Nitacheka."

Ukumbi ukapasuka. Nami nilicheka mpaka nikafuta macho.
Miaka mia moja na tatu anavunja nadhiri
mbele ya watu, na hakuna aliyemsikia.

Kisha mwisho wa mkebe wa tano. Wamempandisha juu ya kuni.
Ndege wanashuka. Anarusha kanzu, moja, nyingine.
Ya sita, ngano husema, ilikosa mkono;
ndugu mdogo akabaki na bawa.
Hatukufika huko. Aligeuka akatutazama,
sisi, si Harold,
midomo ikasogea mara mbili,
na pakawa peupe.

Tukamgeukia Bi Hilda. Chai yake ilishapoa.
Nje basi la Padiham likapita, vioo vikatetemeka.
"Hilo," akasema, "sikulipata vizuri."
Lakini midomo yake, niliiona,
ilikuwa inalirudia, polepole, bila sauti.

Jumatatu nilikoroga saruji ya kuziba lile tundu.
Ndoo ikawa inakauka pembeni.
Nikavua koti, nikapiga goti,
nikaingiza mkono ukutani mpaka begani.